Glasi Sita Bila Lebo: Niliyojifunza Katika Mtihani wa Kuonja Mvinyo

Kati ya mitihani yote niliyowahi kufanya, hakuna ulionibadilisha namna ya kufikiri kama mtihani wa kuonja mvinyo wa Diploma ya Wine & Spirit Education Trust, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1969 na ambayo vyeti vyake vinatambuliwa na hoteli, waagizaji na wauzaji wa mvinyo katika nchi nyingi. Diploma hiyo ina sehemu sita. Sehemu ya tatu, inayohusu mivinyo ya dunia nzima, ndiyo inayowatoa watahiniwa jasho, kwa kuwa pamoja na maswali ya nadharia kuna karatasi mbili za kuonja, kila moja ikiwa na mivinyo sita ya kumalizwa kwa dakika 90. Mivinyo humiminwa mapema, glasi hupangwa kwa namba, na mtahiniwa haoni chupa, kizibo wala lebo. Ipo mitihani migumu zaidi, kama ule wa Master of Wine, ambao kwa siku tatu humweka mtahiniwa mbele ya mivinyo 36, lakini kwa mtu aliyeingia katika kazi hii kwa mlango wa kubeba sahani, Diploma ilikuwa mbali ya kutosha.

Nimezaliwa Dodoma, mkoa ambao mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nimekua nikiona zabibu zikiuzwa kwenye ndoo kando ya barabara. Mvinyo wenyewe nilianza kuujua nikiwa mhudumu wa mezani, kwanza Dar es Salaam, kisha London. Huko London niliona jinsi wahudumu waliobobea katika mvinyo walivyoweza kunusa glasi na kueleza kwa utulivu ilikotoka, na niliamini, kama wanavyoamini vijana wengi ninaofanya nao kazi sasa, kwamba hicho ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Ninaandika hasa kwa ajili yao, kwa sababu masomo yalinionyesha jambo tofauti kabisa: mtihani huu haupimi pua ya ajabu. Unapima kama mtu anaweza kupokea ushahidi ulioko mdomoni mwake, akaueleza kwa usahihi, kisha akafikia hukumu ambayo ushahidi huo unaibeba.

Hilo linaonekana katika namna alama zinavyogawiwa. Kwa kila mvinyo, alama nyingi hutolewa kwa maelezo: mwonekano, harufu, ladha, na tathmini ya ubora pamoja na sababu zake. Kutaja aina ya zabibu au eneo huleta alama chache tu, na mtahiniwa aliyeeleza vizuri anaweza kufaulu hata kama majina hayakumjia, ilhali aliyepatia majina na kuandika maelezo mepesi anaweza kuanguka. Mwalimu wetu alilisema hili tangu wiki ya kwanza, lakini kulisikia ni jambo moja na kulitii ni jambo jingine. Mtu anaponusa glasi na jina likamrukia kichwani, kila anachoandika baada ya hapo huwa kinalitetea jina lile. Akishaamua kwamba huu ni Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe inayojulikana kwa uchachu, ataandika uchachu mkali hata kama mdomo wake haukuuhisi.

Kuna uchunguzi maarufu uliochapishwa mwaka 2001, ambamo watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi wale wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mivinyo myekundu. Watu wengine huutaja uchunguzi huo kwa kuwacheka waonjaji. Mimi nilijifunza kutoka kwake kitu cha maana zaidi, kwamba macho na akili hufika kabla ya pua, na kwa hiyo nidhamu ya kuandika unachokihisi kabla ya kuamua ni nini ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo maana nilijizoeza kuanza na mambo matatu ambayo ni vigumu kujidanganya nayo: uchachu, ukakasi na kilevi.

Uchachu hupimwa kwa mate. Ukishatema mvinyo, inamisha kichwa kidogo na usikilize pande za ulimi. Mate yakitiririka kwa wingi na kwa muda mrefu, uchachu uko juu, hata kama sukari iliyomo inajaribu kuuficha. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwani mvinyo mtamu wa Mosel nchini Ujerumani unaweza kuonekana mpole, kumbe mate yanaeleza mengine. Ukakasi, ule unaokausha ufizi kama mtu aliyetafuna bibo, hutokana na maganda na mbegu za zabibu, na wakati mwingine na mapipa ya mwaloni, na hupatikana hasa katika mivinyo myekundu. Kilevi huhisiwa kama joto kooni. Katika utaratibu tuliofundishwa, chini ya asilimia 11 ni kiwango cha chini, kuanzia asilimia 14 ni cha juu, na baina ya hapo ni cha wastani. Nilijipima nyumbani kwa vitu vya kawaida: maji yenye ndimu kwa vipimo tofauti, chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi, na pombe kali iliyozimuliwa kwa maji, na nikaendelea hivyo mpaka mdomo ukatoa jibu lile lile asubuhi na jioni.

Mambo hayo matatu peke yake hufungua milango mingi. Mvinyo mwekundu wenye rangi hafifu, ukakasi mwingi na uchachu mwingi humpeleka mtu kwenye Nebbiolo ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, kwa kuwa ni zabibu chache zinazokusanya tabia hizo pamoja. Rangi hafifu yenye kilevi cha juu na uchachu mdogo huelekea Grenache. Mvinyo mweupe wenye harufu kali ya maua na uchachu wa chini huenda ukawa Gewürztraminer, na hauwezi kwa urahisi kuwa Riesling, zabibu nyeupe ambayo uchachu wake huwa juu. Unapofanya hivi huhitaji kubahatisha, kwa maana kila kipimo kinafuta majibu kadhaa, na yanayobaki yanaweza kulinganishwa kwa utulivu.

Upande wa harufu ndio uliokuwa na uchungu wake mwanzoni. Vitabu vyetu vilijaa matunda ambayo sikuyakuta utotoni: gooseberry, blackcurrant, raspberry, quince. Nikahisi kwamba wenzangu waliolelewa Uingereza walikuwa na ghala la kumbukumbu ambalo mimi sikupewa. Niliyafuata matunda hayo sokoni, Borough Market si mbali na shule yetu ya Bermondsey, nikayanunua kidogo kidogo kila msimu, nikayaponda na kuyanusa huku nimefumba macho. Lakini kadiri nilivyoendelea, niliona kwamba ghala langu halikuwa tupu hata kidogo, na ningependa hili lisikike vizuri kwa yeyote aliyekulia Tanga, Kisumu au Bujumbura.

Harufu inayowasumbua wanafunzi wengi wa Ulaya katika Riesling iliyokomaa, ile wanayoieleza kwa neno petroli, ni mafuta ya taa matupu. Nani kati yetu hakusomea kwa kibatari au koroboi, au hajawasha jiko la mafuta? Karafuu inayopatikana katika mvinyo uliolazwa kwenye mapipa ya Ufaransa inatokana na eujenoli, kemikali ile ile iliyomo katika karafuu za Pemba, ambayo huzalika mbao za mwaloni zinapochomwa kwa moto wakati wa kuunda pipa. Mapipa ya mwaloni wa Marekani, yanayopendwa sana katika Rioja, eneo la mvinyo nchini Hispania, hutoa harufu ya nazi na vanila, na mtu aliyewahi kukuna nazi kwa mbuzi hawezi kuikosa. Pilipili hoho mbichi hutokea katika Cabernet Franc na Carmenère. Pasheni hujaa katika Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand. Na siagi, ambayo kwangu ilikuwa karibu zaidi na samli, huja katika Chardonnay ambayo tindikali yake ya maliki imegeuzwa na bakteria kuwa ya laktiki. Hata hamira na mkate uliotoka tanurini, alama kuu ya Champagne iliyokaa muda mrefu juu ya mashapo yake, ni harufu ya kila bekari ya mtaani.

Kwa hiyo niliweka madaftari mawili. La kwanza lilikuwa langu, na humo niliandika harufu kama nilivyozifahamu: mafuta ya taa, samli, ukwaju, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, gunia lililolowa. La pili lilikuwa la mtihani, na humo kila harufu yangu ilipata jina ambalo msahihishaji angelipokea na kulipa alama. Hakuna unyonge katika kufanya hivyo. Msahihishaji ana orodha yake ya pamoja, ili karatasi ya mtahiniwa wa Hong Kong na ya yule wa Cape Town zipimwe kwa kipimo kimoja, na mtahiniwa anayekataa lugha hiyo anajinyima mwenyewe. Ila kumbukumbu ya kutambua lazima iwe yako. Nimeona watu wakikariri orodha nzima bila kuwa na kitu chochote hai nyuma ya maneno, na mbele ya glasi maneno hayo hayakuwasaidia.

Mazoezi tulifanya kwa kikundi, wengi wetu tukiwa wafanyakazi wa migahawa, asubuhi ya siku ambayo sehemu nyingi za kazi zilikuwa zimefungwa. Tulichangia gharama, kwa kuwa mvinyo mzuri ni ghali na hakuna mshahara wa mhudumu unaotosha kununua Barolo, mvinyo wa Nebbiolo wa Piemonte, kila wiki. Kila mmoja alileta chupa iliyofungwa kwenye karatasi ya foili, tukaonja kimya kwa kufuata saa, robo saa kwa kila glasi, kisha kila mtu akasoma alichoandika kabla ya foili kuondolewa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kusema jina kabla ya kusema sababu. Ilitokea mara nyingi kwamba aliyekosea jina alikuwa na hoja nzuri kuliko aliyepatia, na tukajifunza kumsifu huyo kwanza. Bila kikundi kile nisingefaulu, na ninamshauri kila anayeanza asijaribu njia hii peke yake, iwe kwa gharama au kwa akili.

Mama yangu, kwa upande wake, alikuwa na wasiwasi tofauti. Aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, kazi gani hiyo ya kunywa pombe tangu asubuhi?" Nilimweleza kwamba tunatema karibu kila tone, kwamba anayemeza hawezi kufika kwenye glasi ya sita akiwa na akili timamu, na kwamba huanza siku kwa chakula cha kutosha kwa sababu kilevi kidogo hupenya hata kwenye ngozi ya mdomo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisiache uji. Nilimtii, na ushauri wake ulikuwa sahihi kuliko alivyojua, maana tumbo tupu huharibu umakini mapema kuliko watu wanavyodhani. Vivyo hivyo dawa ya meno yenye mnanaa, kahawa na manukato vina madhara yao, na sikuvigusa asubuhi ya mtihani.

Ukumbi ulikuwa na meza nyeupe zilizopangwa kwa safu, glasi zikiwa zimeandikwa namba, na kimya kilichokatwa tu na sauti ya kutema. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba mivinyo mitatu ya mwanzo imetokana na aina moja ya zabibu, nayo yote ilikuwa myeupe. Kishawishi cha kunusa glasi ya kwanza na kuamua palepale kilikuwa kikubwa. Badala yake nilipitia zote tatu nikiangalia uchachu tu, na zote zilijaza mdomo mate. Ya kwanza ilikuwa tamu, nyepesi, na kilevi chake kilikuwa cha chini kabisa; ya pili ilikuwa kavu, yenye ndimu kali na mafuta ya taa yasiyo na shaka; ya tatu ilikuwa nzito zaidi, kavu vilevile, na kilevi cha wastani kilichokaribia juu. Zabibu inayoweza kufanya mambo hayo yote na kubaki na uchachu ule, bila harufu ya pipa hata moja, haina wapinzani wengi. Nilifikiria kwa uzito Chenin Blanc, zabibu nyingine nyeupe yenye uchachu wa juu, nikaandika kwa nini nimeiacha, kisha nikaandika Riesling: Mosel, Australia Kusini, Alsace.

Tatu zilizofuata zilikuwa nyekundu, zikitoka nchi moja. Moja ilikuwa na rangi iliyofifia kuelekea matofali, na ukakasi uliokausha kinywa chote. Nyingine ilikuwa na uchachu mkali na harufu ya cheri chachu na majani makavu. Ya tatu ilinuka zabibu kavu na tende, na kilevi chake kilipasha koo joto mpaka kifuani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniongoza, kwa sababu ladha ya matunda yaliyokaushwa katika mvinyo usio mtamu humkumbusha mtu Amarone ya Veneto, ambako zabibu hukaushwa kwa miezi kabla ya kukamuliwa. Kutoka hapo ya kwanza ikawa Nebbiolo na ya pili Sangiovese, zabibu nyingine nyekundu ya Italia, na Italia ikawa nchi.

Karatasi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na sehemu yake iliyonipa raha kubwa ni ile iliyouliza juu ya ubora. Mvinyo hausifiwi kwa kuwa umekupendeza. Unaulizwa kama sukari, uchachu, kilevi na matunda vimekaa kwa mizani. Kama ladha inadumu baada ya kutema. Kama harufu ina nguvu. Na kama kuna tabaka zaidi ya moja za kugundua. Nilipata mvinyo mmoja ambao binafsi nisingeununua, na bado niliuandika kuwa bora sana, kwa sababu kila kipimo kilisema hivyo. Kutenganisha ninachopenda na kilicho kizuri ni uhuru ambao ninautumia kila siku mbele ya wageni.

Kuna jambo jingine linalostahili kusemwa kwa uwazi: hakuna pua iliyo kamili. Watafiti wa Australia walipogundua kwamba harufu ya pilipili manga katika mvinyo wa Syrah, aina ya zabibu nyekundu, inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo pia katika pilipili manga yenyewe, waligundua vilevile kwamba takribani mtu mmoja kati ya watano hawezi kuihisi hata kwa kipimo kikubwa. Katika kikundi chetu alikuwepo mwenzetu wa namna hiyo. Hakuacha masomo, alijifunza kuitambua Syrah kwa njia nyingine, kwa rangi, umbo la ukakasi na harufu ya nyama iliyokaushwa, na maelezo yake yakawa makini kuliko ya sisi tuliotegemea pilipili.

Nilifaulu karatasi zote mbili. Alama ya kufaulu ni asilimia 55, kiwango kinachoonekana kidogo kwa asiyewahi kukaa pale, na walioshindwa walikuwa watu ninaowaheshimu kwa dhati, baadhi yao waonjaji wazuri kuliko mimi lakini wepesi wa kutaja majina. Wengi walirudia na wakavuka.

Nilipokwenda likizo nyumbani nilibeba chupa za Chenin Blanc kutoka Vouvray katika bonde la Loire na nyingine kutoka Swartland ya Afrika Kusini, nikaziweka pamoja na Chenin mbili za Dodoma, zote zikiwa zimefungwa foili, mbele ya marafiki wanaofanya kazi ya mvinyo hapo mjini. Za Dodoma zilikuwa na matunda ya kutosha, embe na nanasi lililoiva, na harufu safi isiyo na kasoro, lakini uchachu wake ulikuwa wa wastani mahali ambapo zabibu hii kwingineko hutoa uchachu wa juu, na ladha ilikatika mapema. Joto huchoma tindikali kadiri zabibu inavyokaa kwenye mti, hilo linafahamika, na shamba linalovuna mara mbili kwa mwaka lina nafasi mbili za kujaribu tarehe tofauti. Tulibishana mpaka usiku juu ya mavuno gani kati ya hayo mawili yanafaa zaidi kwa mvinyo mweupe, na kila mmoja alitakiwa kutoa sababu kabla ya jina la shamba. Kesho yake nilikwenda kwa mkulima mmoja nikiwa na daftari la mtihani, nikamsomea maelezo ya glasi yake bila kumficha kitu, kisha nikamwuliza ni kwa kipimo gani cha sukari huwa anaamua kuvuna, na kama yuko tayari msimu ujao kukata safu chache mapema kidogo ili tuzionje tena pamoja.